UZI: Kuondoa chumvi kwenye protini kwa kolamu ya jeli bila kutegemea umeme (uzoefu wangu na mabibo, Mtwara)

#1 Mdau wa Mabibo

Habari za jioni wanajamvi. Wakubwa zangu shikamooni.

Mimi ni fundi sanifu wa maabara, niko Mtwara Mjini. Tangu msimu wa korosho uanze nahangaika na maji ya mabibo, yale matunda ya mkorosho. Wote mnajua bibo ukilikata likakaa dakika chache linageuka kahawia. Kinachofanya kazi hiyo ni kimeng'enya kinachochukua fenoli za tunda na hewa ya oksijeni na kuzigeuza kuwa rangi. Nataka kukitoa kimeng'enya hicho nikipime: kinapenda joto gani, pH gani, na nini kinakizima. Huku kwetu korosho inapanda lori inakwenda mnadani, bibo linabaki chini ya mkorosho linaoza. Wanaolitumia ni wapika uraka (pombe ya mabibo) na wale wanaolianika kupata kochoko. Mtu anayetaka kutengeneza juisi isiyobadilika rangi lazima akijue kwanza kimeng'enya hiki.

Hatua ya kwanza ni kukamua na kuchuja. Ya pili ni kuigandisha protini kwa salfeti ya amonia, ile ile ambayo wakulima wanaiita mbolea ya SA, ila yangu ni safi ya maabara. Kwa nyuzi 0 za Selsiasi unaweka gramu 516 kwa kila lita ya maji ya bibo ili ufike asilimia 80 ya kiwango cha juu ambacho maji yanaweza kuyeyusha. Protini inajitenga, unaizungusha kwenye sentrifuji, unabaki na tope dogo, unaliyeyusha kwenye bafa kidogo (maji yanayoshikilia pH isibadilike).

Hapo ndipo tatizo linapoanza. Tope lile limejaa SA. Chumvi hiyo inavuruga vipimo vya kimeng'enya, na ukiipeleka sampuli kwenye elektroforesisi (kutenganisha protini kwa umeme ndani ya jeli) mistari inapinda. Lazima itoke.

Njia niliyofundishwa chuoni ni dayalisisi. Unaitia sampuli kwenye mfuko wenye vitundu vidogo, unauning'iniza ndani ya bafa nyingi kwenye friji usiku kucha, unabadilisha bafa mara mbili au tatu. Wiki tatu zilizopita niliacha mfuko kwenye friji saa 12 jioni. Umeme ukakatika usiku, ukarudi alfajiri. Asubuhi bafa ilikuwa vuguvugu na ndani ya mfuko kuna kitu rangi ya chai ya rangi. Kazi ya siku nne ilikwisha. Niliumia, kwa sababu mabibo yale nilikuwa nimeyachagua mwenyewe mti kwa mti.

Siku hiyo nikaamua kuachana na usiku kucha. Nikarudi kwenye kolamu ya jeli inayotiririka kwa uzito wa maji yenyewe. Sampuli inaingia na kutoka ndani ya nusu saa, mbele ya macho yako, umeme uwepo usiwepo. Nitaeleza nilivyoijenga na nilivyokosea, kwa sababu naamini kuna wengine wenye shida hii hii.

#2 Nahodha Msimbati

Mkuu mimi mtu wa bahari, sijasoma mambo haya, lakini nimesoma uzi wote. Nisaidie kitu kimoja. Hiyo jeli inaachaje protini ipite na chumvi ibaki? Chujio ninalolijua mimi, hata kifumbu cha kukamulia nazi, linazuia kikubwa na kupitisha kidogo. Hapa naona ni kinyume.

#3 Mdau wa Mabibo

Nahodha, swali lako ndilo lililowasumbua wengi niliosoma nao.

Hakuna kinachozuiwa. Vyote vinatoka, ila kwa zamu. Jeli ni punje ndogo za mviringo kama shanga, na kila punje ina vinjia vingi ndani yake. Vinjia hivyo ni vyembamba kiasi kwamba protini haiingii. Chumvi inaingia.

Fikiria soko letu asubuhi. Mtu aliyebeba gunia la korosho kichwani hawezi kuingia dukani, anapita katikati ya njia hadi mwisho. Mtoto aliyetumwa na mama yake akiwa na mia tano anaingia duka hili, anatoka, anaingia lile. Wameanza pamoja mwanzo wa soko, lakini mwenye gunia anafika upande wa pili kwanza. Protini ndiyo mwenye gunia, chumvi ndiyo mtoto.

Kwa jeli ninayotumia, Sephadex G-25, mpaka uko kwenye uzito wa kama daltoni 5,000 (daltoni ni kipimo cha uzito wa molekuli). Molekuli iliyozidi hapo haiingii kabisa kwenye punje. Protini nyingi zina daltoni makumi elfu, na SA haifiki 140. Pengo ni kubwa mno, ndiyo maana kazi inakuwa rahisi na ya haraka.

#4 Mstaafu wa Nachingwea

Marahaba, mwanangu. Nimefundisha kemia miaka mingi, nimefurahi kuona jambo hili likielezwa kwa Kiswahili.

Niongeze historia kidogo. Kabla ya jeli hizi za viwandani, Lathe na Ruthven huko London katikati ya miaka ya 1950 walitenganisha molekuli kwa ukubwa wakitumia wanga wa mahindi uliovimbishwa kwa maji. Mwaka 1959 Jerker Porath na Per Flodin wa Uppsala, Sweden, wakatangaza njia yao kwenye jarida la Nature wakitumia dekstrani iliyounganishwa nyuzi kwa nyuzi. Kampuni ya Pharmacia ikaiuza kwa jina la Sephadex. Dekstrani yenyewe ni sukari ndefu inayotengenezwa na bakteria wanaokula sukari ya kawaida.

#5 Kisima cha Newala

Mwalimu, kama wanga wa mahindi ulifanya kazi, huku uwandani tuna mihogo mpaka tunaisahau shambani. Hatuwezi kutumia wanga wa muhogo?

#6 Mstaafu wa Nachingwea

Kwa kumwonyesha mwanafunzi darasani, jaribu, utajifunza mengi. Kwa kazi ya vipimo, hapana. Punje za wanga hazilingani, zikivimba zinakuwa laini, zinashikana na maji yanapita kwa taabu. Tena kimeng'enya chochote cha kuvunja wanga kilichomo kwenye sampuli kitakula kolamu yako. Porath na Flodin walishinda hapo: punje zao ni ngumu kiasi na zinarudiwa kutumika mara nyingi.

#7 Mdau wa Mabibo

Asante sana mwalimu. Naendelea na ujenzi.

Kolamu za kununua zipo, za kutumia mara moja. Ile maarufu, PD-10, ina jeli kama mililita 8.3. Unaweka sampuli mililita 2.5, kinachotoka unamwaga, kisha unaweka bafa mililita 3.5 na hiyo inayotoka ndiyo protini yako. Haina hesabu ngumu. Lakini kuziagiza mpaka zifike Mtwara ni gharama na ni kungoja, na watu wanazitupa baada ya siku moja. Chupa moja ya unga mkavu wa G-25 inakutengenezea kolamu nyingi, na kila moja unaiosha na kuirudia. Mimi nachagua unga.

Nilichukua bomba la sindano la mililita 20, nikatoa kisukumio, nikaweka pamba ya kioo chini kidogo tu, isibanwe sana. Nilitaka jeli mililita 10. Gramu moja ya G-25 kavu inavimba kuwa mililita 4 hadi 6, kwa hiyo nilipima gramu 2.3. Unaimwagia bafa nyingi na kuiacha saa 3 kwenye joto la chumba, au saa moja kwenye maji ya nyuzi 90. Mimi nilitumia jiko la gesi na sufuria ya maji, bika ikae ndani ya sufuria.

Hapa naomba mnisikilize vizuri: usikoroge kwa kile kisumaku cha kuzunguka. Kinasaga punje, vipande vinaziba kolamu, halafu unalalamika kwamba jeli ni mbovu. Tikisa bika kwa mkono tu, taratibu. Zikishatulia, mwaga maji ya juu yenye vumbi vumbi, ongeza bafa, rudia. Vumbi hilo ni vipande vidogo na ukiviacha mtiririko utakuwa wa kobe.

Kumimina ni kwa mkupuo mmoja. Rojo iwe nzito, kama uji wa mgonjwa, jeli robo tatu na bafa robo. Ukimimina kidogo kidogo unapata matabaka, na kila tabaka ni mahali ambapo sampuli itapinda. Ikishatulia, pitisha bafa mililita 30 hivi. Usiache uso wa jeli ukauke hata dakika moja, itapasuka na itabidi uanze upya.

Ukubwa wa punje pia una maana. Kwa kutiririsha bila pampu chukua zile za kati, kavu zikiwa mikromita 50 hadi 150. Zile laini kabisa zinatenganisha vizuri zaidi lakini kwa uzito wa maji peke yake utangoja sana.

Na joto letu la hapa. Bafa ikitoka kwenye friji ikaingia kwenye kolamu iliyo kwenye chumba cha nyuzi 30, hewa iliyoyeyuka ndani yake inatoka na kuwa mapovu katikati ya jeli. Iache bafa ipate joto la chumba kwanza. Kama una pampu ya kunyonya hewa, itumie.

#8 Binti Chikongola

Kaka shikamoo. Mimi ni mwanafunzi, nafanya utafiti wa virusi vya muhogo, nachukua DNA kwenye majani. Naambiwa Sephadex inasafisha DNA. Je, naweza kupitisha DNA yangu ya majani humo ikatoka safi? Na baada ya PCR (kurudufu DNA maabarani) je?

#9 Mdau wa Mabibo

Marahaba dada. Inategemea unataka kuondoa nini.

Jeli hii inaondoa vidogo: chumvi, EDTA, mabaki ya fenoli, nyukleotidi ambazo hazikutumika. Haiondoi vikubwa vinavyotembea na DNA. Majani ya muhogo na ya mkorosho yana polisakaraidi, ule utelezi unaouona ukisaga. Hizo nazo ni kubwa, zitapita katikati ya soko pamoja na DNA yako. Huo utelezi uumalize mapema, kwenye uchimbaji wenyewe, kwa CTAB (aina ya sabuni) na chumvi nyingi.

Baada ya PCR pia, kimeng'enya cha Taq kinachorudufu DNA kina daltoni kama 94,000, kitatoka pamoja na DNA. Vianzio (vipande vifupi vya DNA vya kuanzishia PCR) vya besi 20 viko mpakani kwenye G-50, ndugu ya G-25 yenye vinjia vipana zaidi, huwezi kuviamini kwamba vimebaki. Kama unapeleka sampuli kusomwa mfuatano, ushauri wangu ni kusafisha kwa kolamu ya silika kwanza. G-50 inang'aa baada ya mmenyuko wa kusoma mfuatano, pale unapotaka kuondoa rangi zisizoshikwa.

Kwa kazi hiyo watu hutumia kolamu ya kuzungusha: bomba la sindano la mililita 1, pamba ya kioo chini, G-50 iliyovimba, unazungusha kwanza tupu ili jeli ijipange, kisha unaweka sampuli katikati ya uso wa jeli, mikrolita 100, na kuzungusha tena kwa kasi ile ile na muda ule ule. Kasi inayoandikwa ni 1,600 g kwa dakika 4. Hiyo ni g (mara ngapi ya mvutano wa dunia), siyo mizunguko kwa dakika. Mashine yenye mkono wa sentimita 8 inafika 1,600 g kwa mizunguko kama 4,200. Pima mkono wa mashine yako na rula kabla hujaanza.

#10 Binti Chikongola

Nimeelewa kaka. Nilikuwa nazungusha 1,600 kwenye kioo cha mashine, kumbe ndiyo maana sampuli ilikuwa inabaki juu. Asante.

#11 Mdau wa Mabibo

Pole dada. Kwa mashine yenye mkono wa sentimita 8 ungekuwa unapata g kama 230 tu.

Sasa makosa yangu, maana ndiyo yaliyonifunza.

La kwanza, niliosha kolamu kwa maji yaliyokenekwa nikitaka protini itoke "safi kabisa" bila chumvi yoyote. Sampuli iliingia angavu ikatoka na ukungu, na nusu ya protini sikuiona tena. Protini nyingi zinahitaji chumvi kidogo ili zibaki zimeyeyuka, na dekstrani yenyewe ina chaji chache zinazoweza kushika protini pale ambapo hakuna chumvi. Kazi ya kolamu hii ni kubadilisha: unaondoa chumvi usiyoitaka, unaiweka protini kwenye bafa unayoitaka. Sasa natumia fosfeti milimola 50, pH 7, pamoja na chumvi ya mezani milimola 100. Ikiwa mwisho wake unataka kuikausha sampuli kwa baridi, tumia amonia baikaboneti, yenyewe inapaa na kuondoka.

La pili ni tanini. Bibo lina ukakasi kwa sababu ya tanini, kila aliyelila anajua. Mara ya kwanza nilipopitisha sampuli, juu ya jeli palibaki pete ya kahawia isiyotoka. Fenoli ni ndogo, ungetarajia zitoke pamoja na chumvi, lakini molekuli zenye pete za kaboni kama hizo zinashikwa na dekstrani, zinachelewa hata kuliko chumvi. Nyingine zikishageuka kahawia zinang'ang'ania palepale. Dawa ilikuwa kuziondoa mapema: nakamua bibo kwenye bafa baridi yenye PVPP na askobiki asidi, PVPP inashika tanini, nazungusha, naitupa. Kolamu yenyewe niliisafisha kwa hidroksidi ya sodiamu mola 0.2, mililita 20, kisha bafa nyingi mpaka pH ikarudi. Dekstrani inavumilia alkali hiyo.

Ukimaliza kazi usiiache kwenye maji. Dekstrani ni sukari, na kwa joto letu ukungu utaota ndani ya siku chache. Ihifadhi kwenye ethanoli ya asilimia 20, mdomo ukiwa umefungwa. Azidi ya sodiamu inafanya kazi pia lakini ni sumu kali, mimi siitaki karibu na wanafunzi.

La tatu bado halijaisha, na ndilo lililonifanya nifungue uzi. Baada ya haya yote, kolamu yangu inavuja chumvi. Nakusanya mililita moja moja kwenye mirija. Nachukua tone kutoka kila mrija, naweka kwenye kigae cheusi, naongeza tone la kloridi ya bariamu. Palipo na salfeti panakuwa peupe. Mirija yote inakuwa mieupe, kuanzia wa kwanza. Nimeimwaga kolamu na kuijaza upya mara tatu. Sielewi inavuja wapi.

#12 Kisima cha Newala

Labda sampuli ni nyingi kuliko jeli?

#13 Mdau wa Mabibo

Nilifikiria hilo mkuu. Naweka mililita 2.5 kwa jeli mililita 10, ni asilimia 25. Inayokubalika ni hadi 30. Na ingekuwa hivyo, weupe ungeanzia mirija ya katikati.

#14 Mstaafu wa Nachingwea

Mwanangu, umesema mwenyewe na hukujisikia. Mrija wa kwanza umetoka kabla protini haijafika, kabla chumvi ya sampuli haijafika. Ndani yake kuna nini?

#15 Mdau wa Mabibo

Bafa tu mwalimu. Ile iliyokuwa ndani ya kolamu.

#16 Mstaafu wa Nachingwea

Na bafa yako ni fosfeti. Bariamu na fosfeti nazo zinatoa mashapo meupe. Kolamu yako haivuji, unapima bafa yako mwenyewe.

Fanya hivi. Weka tone la asidi ya haidrokloriki iliyozimuliwa kwenye tone la sampuli kwanza, ndipo uongeze bariamu. Fosfeti ya bariamu inayeyuka kwenye asidi. Salfeti ya bariamu haiyeyuki. Weupe utakaobaki ndio SA. Na kila mara weka tone la bafa tupu pembeni kama kipimo cha kulinganisha, usiache hata siku moja.

Mtu anayetumia bafa ya Tris yenye kloridi na kupima chumvi ya mezani kwa naitreti ya fedha, ambayo hutoa weupe kwenye kloridi yoyote, ataanguka kwenye shimo hilo hilo. Na vaa glavu, kloridi ya bariamu ni sumu. Usile chochote karibu na meza hiyo.

#17 Nahodha Msimbati

Mwalimu nakuvulia kofia. Nimefuatilia kama mpira.

#18 Binti Chikongola

Mwalimu shikamoo. Na kama ndani ya sampuli kuna Triton, ile sabuni ya kuvunjia seli, nayo itabaki kama chumvi?

#19 Mstaafu wa Nachingwea

Marahaba binti yangu. Hapana. Triton X-100 molekuli moja ni ndogo, lakini ndani ya maji zinakusanyika kuwa vifundo vya daltoni kama 90,000. Kifundo hicho ni mwenye gunia. Kitatoka pamoja na protini.

#20 Mdau wa Mabibo

Wanajamvi, nimerudi. Nimeamka saa 11 alfajiri leo sikuweza kungoja.

Nimefanya kama mwalimu alivyoelekeza, asidi kwanza, bafa tupu pembeni. Bafa tupu: angavu. Mrija wa 1 hadi wa 7: angavu. Wa 8: ukungu hafifu sana, unauona ukiinamisha kigae kwenye mwanga. Wa 9, wa 10 na wa 11: weupe mzito kama tui. Protini kwa rangi ya Bradford inaanza mrija wa 4, imejaa kwenye wa 5 na wa 6, inaishia wa 7.

Kwa hiyo kolamu ilikuwa nzima tangu mara ya kwanza nilipoijaza.

Nimeunganisha mirija ya 4 hadi 7. Nimeweka tone kwenye katekoli (fenoli ambayo kimeng'enya hiki huigeuza rangi) na imegeuka kahawia ndani ya dakika moja, kimeng'enya kiko hai. Tangu kukamua bibo mpaka hapo ni asubuhi moja, na umeme ulikatika saa 3 ukarudi saa 5, kolamu ikaendelea kudondosha.

Mwalimu, Mungu akuweke. Jioni naanza vipimo vya joto, nyuzi 30 hadi 80, nitaleta namba hapa hapa.

#21 Mstaafu wa Nachingwea

Amina mwanangu. Ukipima, katekoli nayo iweke peke yake bila kimeng'enya kwa kila joto. Kwa pH 7 na joto kubwa inaweza kubadilika rangi yenyewe.

#22 Mdau wa Mabibo

Nimeandika kwenye daftari mwalimu.